Maneno Yasizidi Mia Tatu

Jumanne, saa nne asubuhi, Mbuke Luka aliarifiwa kwa simu kwamba baba yake amepokea simu.

Aliyemwarifu aliitwa Bi. Dorah, ofisa wa mfuko mmoja wa ufadhili wa masomo huko Dar es Salaam, mwanamke mwenye sauti ya upole na haraka ya mtu ambaye majalada yamemzidi mezani. Mbuke alikuwa nyuma ya kaunta ya steshenari ya Dada Anar, mjini Kahama, kiganja kimebana mfuniko wa mashine ya fotokopi. Aliomba arudiwe. Mtandao wa asubuhi hiyo ulikuwa safi, hapakuwa na neno hata moja lililopotea njiani, lakini aliomba arudiwe.

"Nasema tumezungumza na mzazi wako," Bi. Dorah alirudia. "Ile namba ya baba uliyojaza kwenye fomu. Huwa tunapiga kuhakiki. Nilimuuliza kama yeye ndiye mzazi wa Mbuke Luka, akasema, 'Nipo.' Nikamuuliza yuko wapi kwa sasa, akasema, 'Chini.' Sasa, mdogo wangu, maelezo yako binafsi yanasema baba alifariki miaka mitano iliyopita. Barua ya mapendekezo ya mwalimu wako inasema baba yuko kazini. Na baba mwenyewe anapokea simu. Unaona nilipokwama?"

"Naona, dada."

"Mimi sikuiti mwongo. Alama zako ni nzuri mno. Ila kamati inakaa Jumatatu, na faili lenye kauli mbili siwezi kulipeleka mbele yao. Nataka maelezo mapya, yaseme hali halisi ya baba ni ipi, yawe na saini ya mama au dole gumba lake. Yanifikie Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Yasipofika, nafasi nampa anayefuata. Sawa?"

"Sawa, dada."

Simu ikakatika. Mteja aliyekuwa akisubiri nakala ya cheti cha kuzaliwa alimuuliza kama anaumwa, naye akajibu hapana, ni joto tu.

Hapa inafaa kueleza, maana asiyejua machimbo atadhani binti wa watu anafanyiwa mzaha. Luka, baba yake Mbuke, alikuwa mchimbaji mdogo kwenye machimbo ya Ilolambuli, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Kahama, upande wa Bulyanhulu. Shimo la kuchimbia dhahabu wenyewe huliita duara, na aliyemo humo kazini husemwa yuko chini. Fulani yuko wapi? Yuko chini. Halina fumbo lolote neno hilo: yuko kazini, jioni atapanda. Zamu ikibadilika, mtu wa juu huinama mdomoni mwa duara akaita majina, moja moja, na kila aitwaye hujibu, "Nipo!" Jina lisipojibiwa huitwa mara tatu. Likipita mara ya tatu bila jibu, watu huacha maneno wakaanza kuvua mashati ili wachimbe.

Mwaka ambao Mbuke alikuwa kidato cha pili, mvua zililegeza magogo yaliyoshikilia kuta, duara likashuka likiwa na watu watatu. Wawili walitolewa siku hiyo hiyo, mmoja wao akiwa hai. Luka hakutolewa. Walichimba siku tatu. Siku ya tatu jioni mwenye duara, Mzee Donatus, alisema ardhi bado inatembea na hawezi kuongeza maiti juu ya maiti. Asubuhi yake duara likajazwa kifusi. Wanaume wa jirani walikuja kufunga turubai la msiba, na Mama Mbuke akalifungua kwa mikono yake, kamba baada ya kamba, akisema kila mtu asikie kwamba yeye amemsikia mume wake akiitika, na aliyeitika hawekewi matanga.

Tangu siku hiyo akiulizwa Baba Mbuke yuko wapi, jibu lake lilikuwa moja: yuko chini. Mwanzoni majirani walinyamaza kwa huruma, baadaye wakanyamaza kwa mazoea, na mwishowe nao wakawa wanasema hivyo hivyo. Kanisani aliombewa pamoja na wasafiri. Mbuke mwenyewe alipojaza fomu za shule aliandika kazi ya baba, mchimbaji, na namba ya simu ile aliyoikariri tangu darasa la pili. Alifanya hivyo mwaka hadi mwaka bila kufikiri, na mfumo wa maombi ya ufadhili ulipodai namba ya baba ukagoma kusogea mbele bila namba, vidole vyake vikaiandika vyenyewe.

Na kilichomkera zaidi ni kwamba mambo haya ya kueleza hali binafsi ndiyo yalikuwa kazi yake. Tangu amalize kidato cha sita alikuwa akichapa maombi ya watu pale kwa Dada Anar. Vijana walikuja na vyeti kwenye bahasha za kaki, wakakaa kwenye kiti cha plastiki, wakamwaga ya moyoni, naye akayapanga kwenye kile kisanduku kilichosema: Eleza hali yako binafsi. Maneno yasizidi mia tatu. Alijua kamati zinapenda nini. Huzuni ikae mwanzoni, juhudi katikati, matumaini mwishoni, na neno "changamoto" lisikose kuonekana walau mara mbili. Ya kwake mwenyewe aliyaandika kwa dakika ishirini huku akitafuna muhogo wa kukaanga. Baba yangu mpendwa alifariki dunia kwa ajali ya mgodi, aliandika, na kuanzia hapo mambo yakateremka yenyewe hadi kwenye ndoto yake ya kusomea maabara ya tiba kule Mwanza. Yalikuwa maneno mia mbili na kumi na mawili, na hakuna hata moja lililomtoa jasho.

"Haya, umeambiwa nini wewe? Mbona midomo imekauka hivyo?" Dada Anar alimuuliza mteja alipoondoka. Anar alizaliwa Kahama, na babu yake ndiye aliyeanza na duka la vitambaa pale pale, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kahama hasa, hata Kisukuma cha sokoni kilimtosha kukataa bei ya nyanya.

Mbuke akamweleza. Dada Anar akacheka, akapiga kaunta kwa kiganja.

"Wee Mbuke, na elimu yote hiyo! Laini isipotumika kampuni inaichukua, inampa mtu mwingine. Huyo ni mchimbaji mwingine tu. Kaulizwa uko wapi, kasema chini. Huku nusu ya wanaume si wako chini? Muandikie huyo dada hivyo hivyo, namba imebadilisha mmiliki, basi, kwisha habari."

Mbuke naye akacheka. Mzigo ukapungua kifuani. Kisha akauliza, bila kukusudia kuuliza, "Lakini dada, huko chini kuna mtandao?"

Dada Anar alifungua trei ya mashine, akaongeza karatasi ambazo hazikuwa zimepungua.

Kesho yake, Jumatano, Mbuke alikwenda shuleni kwa Mwalimu Valerian. Huyu alikuwa mtu wa Karagwe, mwaka wa pili huu Kahama, mwalimu wa kemia anayenyoosha kola yake kabla ya kila sentensi. Barua za mapendekezo alizichukulia kama sakramenti. Wenzake walikuwa na barua moja kwenye kompyuta, wakabadilisha majina tu. Yeye alipoombwa na Mbuke alikodi pikipiki mwezi wa nne hadi Ilolambuli, ili aandike habari za mtu ambaye amefika kwao.

Walimu walikuwa likizo. Saa sita mchana jua lilikuwa limesimama juu ya bati, na ofisini hapakuwa na mtu zaidi yao wawili. Mwalimu alimsomea nakala ya barua yake, mwanzoni kwa fahari, halafu polepole zaidi na zaidi. "Baba yake, Bwana Luka, ni mchimbaji, na hadi ninapoandika barua hii yuko chini, katika mazingira magumu. Mama yake amenieleza kuwa hajapanda kwa muda mrefu, jambo linaloonyesha jinsi familia hii inavyojituma." Akaishusha karatasi.

"Kwani mwalimu hukujua?" Mbuke aliuliza.

"Ningejuaje, mwanangu? Mama yako alinikaribisha vizuri, akanipa viazi na maziwa ya mgando. Alitenga na sahani ya baba, akaifunika. Nikauliza, baba yuko wapi? Akasema yuko chini. Nikauliza, anapanda saa ngapi? Akasema, hajapanda bado. Kwetu mtu akiwa chini amekaa sakafuni! Nikajua ni lugha ya kazi, nikaandika." Alinyoosha kola. "Nimekuharibia. Kwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, nimekuharibia."

"Hujaniharibia, mwalimu. Umeandika ulichoambiwa."

"Nitaandika nyingine sasa hivi. Lakini kwanza nipe hiyo namba. Huyo bwana aliyepewa laini nimweleze, kwa adabu, asijiite mzazi wa watu."

Aliibonyeza namba, akaweka simu mezani, sauti ikiwa juu. Ikaita. Mbuke alikuwa hajawahi kuipiga namba ile tangu duara lishuke, na mlio wa kuita ulimshangaza kwa kuwa wa kawaida. Iliita mara nne, kisha ikapokelewa. Hapakuwa na haloo. Palikuwa na maji yanayodondoka mahali penye mwangwi, tone, kimya, tone.

"Haloo? Habari za mchana, ndugu. Naitwa Mwalimu Valerian, niko Kahama." Tone. "Ndugu, unanisikia? Ni kuhusu binti mmoja. Mbuke. Mbuke Luka."

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya mwanaume aliyeinua uso kumjibu mtu aliye juu yake. Haikuwa na hasira wala haraka. Simu ikakatika yenyewe.

Mwalimu aliigeuza simu, kioo kikaelekea chini. "Ni mtu tu," alisema. "Ni mtu tu, Mbuke. Mtu wa watu, na laini yake." Lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta rozari, na jasho lilimtiririka kutoka sikioni hadi kwenye ile kola.

Mbuke alisema ndiyo, mwalimu. Akaaga. Sauti ile alikuwa ameisikia mara moja kabla, na katika miaka mitano hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba aliisikia.

Alhamisi alipanda pikipiki kurudi kwao, na njia nzima akili yake ilikuwa mdomoni mwa duara. Siku ile ya tatu, mtu wa juu alikuwa Davis, kijana aliyeoa mwaka huo. Davis aliita, "Luka!" Akaita tena. Alipoita mara ya tatu, Mama Mbuke alipiga ukelele, "Kaitika! Jamani, kaitika!" Wanaume wote wakabana pumzi. Hawakusikia kitu. Davis alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni, ukingo unamomonyoka chini ya viatu vyake, na mke wake amesimama nyuma na mimba ya miezi saba, mikono kichwani. Ndipo Mzee Donatus alipomgeukia Mbuke, aliyekuwa amepiga magoti karibu na shimo kuliko wote.

"Wewe masikio yako ni mapya," mzee alisema. "Umesikia?"

Alikuwa amesikia. Kutoka mbali sana, bila hofu, jinsi mtu anavyojibu mwisho wa zamu: nipo. Alimtazama Davis na ile kamba. Alimtazama mke wa Davis. Akasema, "Hapana."

Kwa neno hilo kamba ikafunguliwa kiunoni mwa Davis. Kwa neno hilo kifusi kikaja kesho yake. Miaka mitano alijiambia lilikuwa jiwe lililogonga jiwe, na mtu akijiambia jambo kila siku huishia kuliamini, isipokuwa mchana wa jana neno lile lilikuwa limesemwa tena juu ya meza ya ofisi.

Mama yake alikuwa kivulini mwa nyumba akibambua karanga, ungo kwenye mapaja.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Mbona katikati ya wiki? Umekula?"

Mbuke alikaa chini, akaanza kubambua naye, na maneno akayatoa huku akiangalia karanga. Alieleza habari za fomu, barua ya mwalimu, Ijumaa saa kumi, dole gumba. Alipofika kwenye simu, mikono ya mama ilisimama.

"Kaongea?"

"Kaongea, mama."

"Na nani?"

"Na mama mmoja wa ofisini, Dar es Salaam. Na jana na mwalimu. Lakini Dada Anar anasema laini ikikaa bila kutumika inapewa mtu mwingine..."

"Haijakaa bila kutumika." Mama Mbuke alifungua fundo la kanga, akatoa furushi la vocha zilizokwanguliwa, zimefungwa kwa uzi mwekundu. "Kila mwezi naiongezea salio. Wasiichukue. Na kila Jumapili nikitoka kanisani naipiga."

Ubaridi ukampanda Mbuke kutoka kwenye nyayo, saa nane ile ya mchana, jua likiwa kali hata kuku walikuwa wameingia ndani. Simu yenyewe alikuwa nayo baba siku aliyoshuka, kitochi kidogo cheusi, kwenye mfuko wa shati. Chaji ya kitochi ni siku nne, tano. Haiwezi kuwa miaka mitano.

"Ukiipiga inakuwaje, mama?"

"Inaita. Inaita mpaka inachoka. Miaka mitano, Mbuke, kwangu hajapokea hata siku moja." Sauti yake ilianza kutetemeka, na hayo hayakuwa maombolezo, yalikuwa machungu ya mke aliyepitwa na salamu za mumewe. "Kumbe kupokea anaweza! Ananiacha mimi naita kila Jumapili na nguo zangu za kanisani, halafu anaongea na mtu wa ofisini asiyemjua! Nimemkosea nini Luka? Eh? Nani alimtetea hapa? Nani alikataa matanga?"

Mbuke alibambua karanga nyingine, akaiacha idondoke kwenye ungo.

"Na hilo dole siweki," mama alisema baadaye, machozi yakiwa yamekwisha. "Walipomfukia kwa kifusi sikutia mkono wangu. Sasa unataka nimfukie kwa wino, tena mtu anayepokea simu."

"Nisipopeleka nakosa chuo, mama."

"Najua." Akaurudia ungo wake. "Nimesikia. Sijasema sikusikia."

Maneno hayo mama aliyasema tu, hayakuwa mshale. Lakini yalimpiga Mbuke pale penyewe. Alikaa ameshika karanga moja vidoleni, na ndipo alipoona kitu ambacho kama angekuwa mtulivu angekiona tangu Jumanne. Bi. Dorah alipouliza, alitaja jina gani? Mwalimu alisema maneno mengi na maji yakaendelea kudondoka, mpaka alipotaja jina gani? Si jina la Luka. Yule aliyeko chini alikuwa akiitika jina moja tu, la binti yake.

Ijumaa asubuhi, baada ya uji, alichana karatasi mbili kutoka kwenye daftari la zamani, akakaa kwenye kizingiti, akaandika kwa kalamu. Hakutanguliza huzuni. Hakuhesabu maneno. Pale aliposhindwa neno aliacha mpaka likaja, na mwandiko wake, uliosifiwa shule nzima, uliyumba. Alipomaliza alimwita mama yake, akamsomea kwa Kiswahili, kisha akarudia yote kwa Kisukuma, maana mambo mazito Mama Mbuke aliyasikia vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani.

"Siku ya tatu baba yangu aliitwa mara tatu. Mara ya tatu aliitika. Mama alisikia, na mimi nilisikia. Nilipoulizwa nilisema sikusikia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na niliogopa mtu mwingine asije akashuka akafa. Duara lilifukiwa kwa neno langu. Barua ya mwalimu wangu haina uongo, kwetu tunasema yuko chini. Penye uongo ni maelezo yangu ya kwanza, kwa sababu yanasema ilikuwa ajali, yakaishia hapo."

Chini yake palikuwa na mistari mitupu, kisha nafasi ya dole.

Jogoo alipita uani, akadonoa maganda ya karanga, akaondoka. Kisha mama alinyoosha mkono akalishika sikio la Mbuke, sikio la kulia, akalibana kwa nguvu zake zote za kulima na kutwanga. Mbuke hakujitoa. Maumivu yalishuka hadi kwenye taya. Mama aliendelea kulishika, akimtazama usoni, halafu vidole vikalegea, lakini mkono haukuondoka.

"Alisemaje?" aliuliza.

"Alisema nipo."

"Kwa sauti ya kuumia?"

"Hapana, mama. Kwa sauti ya kawaida. Ya mwisho wa zamu."

"Ndiyo," mama alisema. "Ndiyo. Hivyo hivyo." Akavuta pumzi iliyomtikisa mabega. "Miaka mitano nilidhani nina wazimu. Usiku nilikuwa najiuliza, labda ni mimi tu, labda akili zangu. Na wewe ulikuwa umelala hapo pembeni yangu, unajua."

"Nisamehe, mama."

Mama hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

"Hakukujibu kwa sababu wewe ulishamsikia," Mbuke alisema, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Kwako hakuwa na deni. Aliyekuwa akiitwa ni mimi."

Hapo Mama Mbuke aliondoa mkono kwenye sikio. Aliiangalia karatasi, herufi asizoweza kuzisoma, na kidole chake kikaenda chini, kwenye mistari mitupu. "Hapa mbona hujaandika?"

"Hapo ni pa hali ya baba. Sijui niandike nini."

"Mimi si mjinga, Mbuke. Mtu hana maji, hana chakula, hana hewa. Najua miaka mitano ni mingi kiasi gani. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu aseme aliitika. Mmoja tu, nisibaki peke yangu." Akarudisha kidole kwenye mistari mitupu. "Andika amefariki."

Mbuke akaandika. Neno lilichukua nafasi ndogo sana. Mama alipaka dole gumba wino wa kalamu, polepole, pande zote, akaligandamiza kwenye karatasi, akalishikilia pale muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Itume kwanza," alisema. "Mambo yakianza hutapata nafasi."

Mbuke aliipiga picha karatasi, akaituma kwa Dada Anar. Jibu likaja upesi: Imefika. Naipandisha kwenye mfumo sasa hivi. Halafu, baada ya dakika, ujumbe mwingine, bila maneno, vikatuni viwili tu vya mikono iliyounganishwa. Kumbe alikuwa ameisoma.

Mama alikuwa ameshasimama. Alikuwa amefungua kilemba, na nywele zake, ambazo Mbuke hakukumbuka lini mara ya mwisho aliziona mchana, zilikuwa nyeupe nusu. Alifagia kivulini palipokuwa na maganda, akatandika mkeka, akakaa katikati yake, miguu imenyooka mbele.

"Sasa nenda kawaambie watu," alisema. "Uwaambie wewe."

Mbuke akatoka. Nyuma yake alisikia sauti ya mama ikianza, chini kwanza, ikitafuta njia, kisha ikapanda juu ya mapaa ya mabati, na machimbo mazima yakaacha kugonga mawe. Alikwenda nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba alikuwa Eufrasia, mwanamke aliyehamia mwaka jana kutoka Isaka kufuata biashara ya mchele, mtu asiyejua habari za zamani za pale. Alitoka mbio, mikono imejaa pumba.

"Kuna nini kwenu? Mama anaumwa?"

"Baba amefariki," Mbuke alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka kwa mdomo.

"Yesu wangu! Pole, mdogo wangu, pole sana." Eufrasia alimshika mikono yote miwili, pumba zikamwagika kati yao, macho yake yakimtafuta usoni kwa huruma ya kweli kabisa. "Jamani, poleni. Amefariki lini?"

Mbuke alifungua mdomo kumjibu. Alisimama hapo mlangoni pa watu, kilio cha mama yake kikiendelea nyuma, akihesabu tangu duara lishuke: siku ya tatu aliitika, siku ya nne kifusi, siku ya tano.